Ng'ombe Katika Jaruba la Kosmas

Ijumaa. Rasharasha tangu alfajiri, ile isiyojulikana kama ni mvua au ni ukungu. Nguo nilizofua juzi bado ziko kwenye kamba ya ndani na nyumba nzima inanuka sabuni. Moyo ni mzito, ila afadhali ya jana. Jana nilifungua ukurasa huu mara tatu nikaufunga.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mume wangu, Kosmas, alifariki miezi mitano iliyopita. Aliniachia binti yetu Neema, ambaye yuko shule ya bweni, na kisanduku cha plastiki kilichofungwa kwenye nguzo ya chuma kando ya mto Lumemo.

Leo naandika juu ya kisanduku.

Kosmas alikitengeneza kwa ajili ya kikundi chetu cha wakulima na wafugaji, watu wanaovuka mto kwa miguu kwenda mashambani na malishoni. Ndani kuna kompyuta ndogo kuliko kiberiti, laini ya simu na betri ya sola. Sensa, yaani kidude cha kuhisi, inapima kina cha maji, na kila saa kumi na mbili asubuhi kisanduku kinatuma meseji kwa kila mtu aliyeandikishwa. Mwanzoni Kosmas alitaka kutuma sentimita. Wanakikundi wakakataa. Walisema mtu anayetaka kuvuka haulizi sentimita, anauliza maji yamefika wapi: goti, kiuno au kifua. Kisha wakabishana goti la nani, maana Mzee Luhende, mfugaji wa Kisukuma anayekaa ng'ambo, ni mrefu kama nguzo ya umeme, na Festo, katibu wetu, ni mfupi. Wakakubaliana goti la Kosmas, kwa kuwa ni wa katikati. Siku hiyo naikumbuka vizuri. Alisimama pembeni ya maji amekunja suruali, Luhende ameshika futi kamba, watu wanacheka, naye amenyoosha mgongo kama mtoto anayepimwa sare ya shule.

Tangu hapo meseji ikawa fupi: "Lumemo leo: GOTI." Basi.

Mimi si mtaalamu. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kompyuta mwaka mmoja, kuchapa barua na kupanga majedwali. Mengine yote nilijifunzia kwenye meza ya Kosmas, nikimwuliza maswali huku anakula. Alikuwa na tabia ya kujiandikia vitu kiganjani kwa kalamu ya bluu, halafu anasahau na kula ugali kwa mkono huohuo. Najua kusoma mistari ya programu polepole, kama mtu anayesoma barua kwa kufuata kidole.

Kitu kimoja nilikielewa tangu alipokieleza mara ya kwanza. Kwenye kompyuta kubwa, programu ikihitaji nafasi ya kuweka jambo, inaomba na kupewa. Kisanduku kidogo cha mtoni hakina wa kumwomba, na memori yake ni finyu. Kwa hiyo Kosmas aliandika mgawaji wake mwenyewe. Alichukua memori yote iliyobaki akaiita shamba. Akaikata vipande vilivyo sawa, akaviita majaruba, kama yetu ya mpunga yenye matuta pande zote. Mtu akiandikishwa, programu inamgawia jaruba la kuweka namba yake na habari zake. Akiondolewa, jaruba linarudishwa ili apewe mwingine. Neno la kutoa aliliita "gawa" na la kurudisha aliliita "rudisha". Mtu yeyote wa bonde hili angeweza kuisoma ile programu na kuelewa nusu yake.

Jumatano ya wiki iliyopita, asubuhi, meseji ilikuja hivi: "Lumemo leo: NGOMBENGOMBENGOMBENGOMBE" mpaka nafasi ya meseji ikaisha.

Nilidhani simu yangu imeharibika. Kisha Mzee Luhende akapiga.

"Mama Neema, mwangaluka."

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu niambie, mayu." Huwa ananiita hivyo, ndiyo mama kwa Kisukuma. "Mumeo ametuita sisi ng'ombe, au anawaita ng'ombe wetu?"

Nikaitoa simu sikioni nikaitazama tena ile meseji.

"Maana kama anawaita wao, wamesikia. Wamesimama mlangoni wananiangalia."

Yeye alikuwa anatania. Wengine hawakutania. Anayekaa huku anajua neno ng'ombe linavyoweza kuwasha moto kati ya mwenye jembe na mwenye fimbo. Ilikuwepo miaka watu hawa hawakusalimiana, na kikundi hiki kilijengwa kwa uvumilivu mwingi. Mchana huo Festo alikuja mpaka hapa nyumbani. Hakukaa.

"Shemeji, vijana wa ng'ambo wanasema ni matusi. Na mimi siwezi kuwaambia marehemu alikuwa anacheka nao."

"Nitaangalia tatizo ni nini."

"Angalia. Lakini kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ikiendelea hivi, nimeshaongea na fundi wa Morogoro. Atakuja afute kila kitu aweke programu nyingine, ya tayari."

Afute kila kitu. Alilisema kwa upole, lakini neno lenyewe halina upole.

Nguo za Kosmas zilishagawiwa ndugu baada ya arobaini. Viatu vyake anavivaa mdogo wake. Kitabu cha namba za simu alichokuwa akiandika kwa herufi kubwa kimeharibiwa na maji ya paa linalovuja. Kitu kilichobaki ambacho bado kinafanya kazi aliyokipangia ni programu ile. Kila asubuhi inaamka na kufanya alichoiambia ifanye. Sikutaka ifutwe.

Basi Jumamosi nilikaa na laptopu yake na kulitafuta lile neno. Nililipata mara moja tu, ndani ya "rudisha". Mstari mmoja, hauna maelezo yoyote: jaza jaruba kwa NGOMBE. Nilicheka peke yangu. Nikasema huu ni utani wake, aliuweka siku moja akiwa amechoka, akasahau kuutoa. Alikuwa mtu wa utani. Nikaufuta. Nikaenda mtoni, nikaweka programu mpya, kisanduku kikazima na kuwaka.

Jumapili saa kumi na mbili: "Lumemo leo: GOTI."

Nililia kwa furaha, nikiwa bado kitandani. Nikamwandikia Festo: "Nimetengeneza." Nilijisikia kama nimemshika Kosmas mkono.

Jumatatu: GOTI. Jumanne: GOTI.

Jumatatu mchana mvua kubwa ilinyesha milimani, Udzungwa. Huku chini hatukupata hata tone. Jumanne asubuhi Mzee Luhende alisoma meseji nyumbani kwake, akatoa ng'ombe, akafika kivukoni. Maji yakiwa na tope hayaonyeshi kina chake. Yeye aliamini goti. Ng'ombe wa mbele walipoingia, maji yalikuwa kifuani. Aliokoka kwa kushika mkia wa dume. Ndama mmoja alikwenda na maji, na hakuonekana tena.

Festo alinipigia kunieleza. Mwisho wa maelezo akasema, "Shemeji, uliniambia umetengeneza."

Akakata simu. Ningependa angenigombeza.

Jana nilimpigia Mzee Luhende kumpa pole. Niliogopa tangu asubuhi, nikafagia uwanja mara mbili kabla ya kushika simu. Alipokea kama siku zote, akauliza hali ya Neema kwanza. Nilimwomba msamaha. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya lile neno, kwamba Kosmas aliweka ng'ombe katika kila jaruba lililorudishwa, na kwamba mimi niliona ni utani nikawaondoa.

Akacheka, mtu aliyepoteza ndama juzi.

"Mayu, wewe umeolewa na Mndamba, mkulima. Hili hulijui?"

"Lipi, baba?"

"Mpunga ukishavunwa, mwenye jaruba anatuita. Tunaingiza ng'ombe, wanakula mabaki. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Haya. Wewe umeshika mundu, umekwenda kuvuna jaruba. Umefika, umekuta ng'ombe wanakula kwa raha zao na mwenyewe amewakaribisha. Maana yake nini?"

"Wamevamia."

"Nimesema wamekaribishwa. Maana yake jaruba si lako tena, na wewe ndiye hujaambiwa."

Simu ilikuwa sikioni, lakini sikusikia alichosema baada ya hapo.

Haukuwa utani. Ulikuwa ulinzi. Kila jaruba lililorudishwa, Kosmas aliingiza ng'ombe kwa makusudi, ili sehemu yoyote ya programu itakayoendelea kusoma pale ikutane na ng'ombe, isikutane na kitu kinachofanana na mpunga. Ng'ombe walipotokea kwenye meseji, walikuwa wanasema: kuna anayevuna mahali pasipo pake. Mimi nikawaswaga ng'ombe. Kosa likabaki palepale, ila sasa lilikuwa kimya, na lilivaa neno linaloaminika.

Hilo ndilo lililonifanya jana nishindwe kuandika.

Leo baada ya chai nilianza upya. Nilirudisha kwanza mstari wa ng'ombe. Kisha nikakiagiza kisanduku kinitumie daftari lake kwa simu. Ni faili ambamo kisanduku kinaandika kila kinachotokea, nani ameongezwa, nani ameondolewa, maji yamefika wapi, na kila kikiwashwa kinalisoma lote tangu mstari wa kwanza ili kijue kilipoishia. Nikalisomesha kwenye laptopu, nikaiagiza programu iseme kwa sauti, yaani iandike kwenye kioo, kila jaruba linapogawiwa, linaporudishwa na linaposomwa. Ilitoka mistari mingi sana. Niligeuza kalenda ya ukutani, nikachora shamba mgongoni mwake, nikawa naweka alama kwa penseli.

Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimeona. Orodha ya watu inaanzia jaruba namba moja. Lakini sehemu inayotuma meseji kila siku ilikuwa inasoma jaruba namba sifuri.

Nikapanda juu kabisa ya daftari kuona namba sifuri aligawiwa nani. Mstari wa kwanza ulisema ONGEZA, na namba ya simu ninayoijua bila kuisoma.

Kosmas. Alijiandikisha wa kwanza, siku ya kujaribu, hapahapa mezani.

Na chini kabisa, Jumanne ya wiki iliyopita, jioni: ONDOA. Namba ileile.

Hiyo ONDOA niliituma mimi, kwa meseji. Sikumwambia mtu, na mpaka leo sikuwa nimejiambia hata mwenyewe kwamba ndiyo ilitangulia siku moja tu kabla ya ng'ombe.

Simu ya Kosmas iko kwenye droo ya kabati. Nimekuwa nikiichaji tangu msibani, sijui kwa nini. Kila saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa inatetemeka ndani ya droo, mbao zinaguruma, kwa sababu kisanduku kilikuwa bado kinamwambia maji yamefika wapi. Miezi minne na zaidi niliisikia. Jumanne ile ilitetemeka nikiwa nimeota yuko hai, nikanyoosha mkono kumwamsha aizime. Jioni nikamwondoa.

Nilikuwa nimechoka. Ndiyo sababu yote.

Kosa lenyewe, sasa nikiliona, ni dogo kiasi cha kuudhi. Maji yaliyopimwa yanawekwa kwenye jaruba la mtu wa kwanza kwenye orodha. Sehemu ya sensa, kila mara, inauliza upya: wa kwanza ni nani? Sehemu ya kutuma iliuliza mara moja tu, mwanzoni, ikaambiwa ni jaruba sifuri, ikakariri. Wa kwanza alipokuwa Kosmas, zote mbili zilikutana mahali pamoja na hakuna aliyegundua. Watu wengine waliwahi kuondolewa, yule aliyehamia Mang'ula, wale waliobadilisha laini, na haikutokea shida yoyote. Kosmas alijaribu kuondoa mtu wa pili, wa tano, wa mwisho. Kuondoa wa kwanza hakujaribu. Nadhani halikumjia kwamba iko siku atakayeondolewa ni yeye.

Nilipomwondoa, sensa ikahamia kwa aliyefuata na kuandika maji ya kweli huko. Mtumaji akaendelea kugonga kwa Kosmas. Kwanza alikuta ng'ombe. Nilipowafukuza ng'ombe, alikuta neno la mwisho lililoandikwa pale, la Jumanne ile. GOTI. Kwa siku zote hizo tulikuwa tunatangaziwa mto wa siku niliyomwondoa mume wangu.

Sikuweza kuilaumu programu. Jirani akiniuliza asubuhi mmeamkaje, mimi bado namjibu tumeamka salama, kama vile tuko wawili.

Sasa niseme na hili, kwa kuwa nimeahidi kuwa mkweli kwenye ukurasa huu.

Ilikuwepo njia fupi. Kuufuta ule mstari wa ONDOA kwenye daftari. Kosmas angerudi kuwa wa kwanza, mtumaji na sensa wangekutana tena, kila kitu kingekuwa sawa kama zamani. Simu ingetetemeka tena kwenye droo. Hakuna ambaye angejua. Niliufuta. Nikaisomesha programu upya, ikasema KIUNO, ambayo ndiyo kweli ya leo. Nilikaa nikiitazama ile KIUNO mpaka chai iliyobaki kikombeni ikaota ngozi juu.

Lakini hilo lingekuwa ni kuficha kwa mara ya pili. Baadaye mtu mwingine angekuja kumwondoa, Festo au mwingine yeyote, bila kujua, na Mzee Luhende angeingia tena majini akiamini goti. Kosmas hakuweka ng'ombe ili mimi nimfichie kosa lake.

Nikaurudisha mstari kwa mkono, tarakimu zote kumi, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo nimemwondoa Kosmas mara mbili. Safari hii nilijua ninachofanya.

Kurekebisha kulichukua mistari miwili: mtumaji naye aulize kila siku wa kwanza ni nani. Kisha nikajaribu kila nilichoweza kufikiria. Niliondoa wa kwanza, nikaondoa wa pili, nikaondoa wote mpaka shamba likawa tupu, nikawaongeza upya kwa kuwachanganya. Ng'ombe walikaa kwenye majaruba yao, hawakutokea kwenye meseji hata mara moja.

Saa kumi nilivaa mabuti na koti la mvua, nikaenda mtoni. Niliweka programu mpya na kuiagiza itume papo hapo, nisisubiri asubuhi. "Lumemo leo: KIUNO." Dakika chache baadaye nikamwona Mzee Luhende ng'ambo anateremka na fimbo yake. Aliingia majini hatua kwa hatua. Alisimama, akatoa simu kwenye mfuko wa shati, akanipigia wakati tunaonana.

"Mayu, ni kweli. Kiuno."

"Cha nani, baba?"

"Cha marehemu. Changu ni paja."

Tulicheka wote wawili, kila mtu upande wake wa maji. Kisha mimi nikalia na yeye akageukia pembeni kunipa nafasi.

Nimerudi nyumbani jioni hii nikakuta meseji ya Festo. Ni mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Ameandika: "Shemeji hongera sana. Kesho kwenye kikao tuseme kosa lilikuwa la marehemu na sasa limekwisha. Hakuna atakayegombana na marehemu. Fundi tutamwambia asije."

Nimeisoma mara nyingi. Najua anachonipa. Nikikubali, programu inabaki, hakuna atakayeuliza zaidi, na kisanduku kitaendelea kuwa chini ya mikono yangu. Na ni nusu ya kweli, kosa la kwanza lilikuwa lake.

Lakini hilo la ndama si la Kosmas. Ng'ombe wake wa kwenye programu walisimama mlangoni petu siku nne wakituambia, na mimi ndiye niliyewafukuza, nikaandika "nimetengeneza". Mzee Luhende anajua, kwa sababu nilimweleza mwenyewe, na kesho atakuwa amekaa mbele yangu. Hatasema. Ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Huenda wakisikia watasema mashine ya maji haiwezi kushikwa na mtu anayefuta asichokielewa. Watakuwa na haki. Huenda fundi akaitwa, akafuta yote, gawa na rudisha na majaruba yote, na mimi nitabaki na nakala kwenye laptopu ambayo haimwambii mtu yeyote kitu. Nimelifikiria hilo tangu magharibi. Linaniuma, na bado sioni njia ya kulikwepa bila kumbebesha mtu ambaye hawezi tena kujitetea.

Kikao ni saa nne asubuhi. Kosa la Kosmas nitalieleza pia, kwa sababu lilikuwepo. Lakini nitaanza na ndama.